Spika za Mbaruku na Nyumba ya Pongwe

Hapo zamani, enzi ambazo kaseti bado ilikuwa na heshima zake, aliishi Tanga bwana mmoja aitwaye Mbaruku. Huyu hakusikiliza muziki kama mimi na nyinyi. Sisi tukiusikia tunacheza. Yeye alisikiliza kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye uzi, akawauliza wageni, "Mmesikia?" Wageni hawakusikia kitu, wakajibu, "Tumesikia, bwana," maana pilau ilikuwa bado jikoni.

Spika zake zilikuwa na kimo cha bwana harusi, na sebuleni zilipewa nafasi kubwa kuliko watoto.

Mama yake, Bi Mize, alikaa Pongwe, si mbali, katika nyumba ya Mbaruku, akiuguzwa na Mwanakombo, dada yake Mbaruku. Kila Mbaruku akiitwa, alijibu, "Nakuja, ngoja niweke sauti sawa." Sauti haikukaa sawa. Bi Mize akafa.

Hapo ndipo mapenzi yalipompanda! Mwanakombo alikuwa amemrekodi mama akiimba huku anapepeta mchele. Mbaruku akaichukua kaseti, akaiweka, akafumba macho. Kukatoka mvumo, na mama kwa mbali kama yumo kisimani.

Akaapa mbele ya watu wa matanga: "Atakayenifanya nimsikie mama kana kwamba yupo hapa, nyumba ya Pongwe ni yake!"

Mwanakombo, aliyekuwa bado anaishi humo, akaendelea kuwagawia watu kahawa.

Akaja fundi Mlinga na nyaya nene kama chatu. Akafungua, akafunga, akaunga. Mbaruku akaweka kaseti, akafumba macho. Mvumo umekwisha, lakini sauti inagonga marumaru na kurudi. Ikawa kana kwamba mama ni watatu, wanaimba kwa kupokezana.

Akaja mkewe, Nuru. Akatoa magodoro vitandani, akayatundika ukutani. Watoto wakalala mkekani, kwa faida ya sanaa. Mbaruku akaweka kaseti, akafumba macho.

Lo! Mama huyu hapa. Mchele unaruka kwenye ungo. Pumzi yake inasikika. Kisha wimbo ukakatika, na nyuma yake yakasikika maneno ambayo mvumo na mwangwi vilikuwa vimeyafunika:

"Mwanakombo, kaka yako hajaja?"

"Hajaja, mama. Anaweka sauti sawa."

"Haya. Mbakishie wali."

Mbaruku akalia hadi kanzu ikalowa. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, akalia tena. Halafu akajifuta uso, akasema, "Lakini mmesikia ungo ule? Safi kabisa!"

Basi ugomvi ukaanza.

Fundi Mlinga akasema, "Nyumba yangu. Bila mimi mngesikiliza mvumo mpaka kiama."

Nuru akasema, "Nyumba yangu. Wanangu wameumia mbavu kwa ajili ya kuta hizi. Na mimi ndiye ninayeishi na mtu huyu. Hilo peke yake ni nyumba mbili."

Mwanakombo akasema, "Nyinyi mmesafisha sauti. Mimi ndiye niliyekuwapo ilipotoka. Bila mimi, kaka angekaa na spika hizi akisikiliza ukimya, tena ukimya safi."

Mbaruku akawatazama wote watatu. Kiapo ni kiapo, na mashahidi wapo. Akakuna kichwa, akashindwa.

Ameshindwa mpaka leo. Nyinyi wenye masikio ya kawaida, nipeni jibu: kati ya fundi, mke na dada, nani aliyemfanya Mbaruku amsikie mama yake?

Na je, alimsikia?