Kanzu ya Posa ya Bwana Badi

Kila mawingu yalipotanda, Bwana Badi, mwenye gereji ya malori, aliamuru oili chafu imwagwe mtaroni ili mvua iisombe. Yote iliishia kwenye kijito alichofulia dobi Zulfa.

Zulfa alipolalamika, Badi alicheka. "Maji ya mvua hayana mwenyewe, Bi Zulfa. Wewe nifulie kanzu yangu, kesho naenda kuposa."

Kesho yake asubuhi, mvua ikiwa imeshanyesha, Badi alikuta kanzu yenye mabaka meusi ikining'inia kambani kwa Zulfa.

"Nimeisuuza mara tatu," Zulfa alisema kwa upole. "Kila nikisuuza, oili inazidi."

"Na wakwe wananingoja saa kumi!"

"Labda kijito kikitakata. Ila mawingu yale yanarudi."

Badi alikimbia gerejini. Mapipa ya oili yakaingizwa bandani, sakafu ikamwagiwa maranda na kufagiliwa, mtaro ukachotwa tope lote.

Saa tisa alirudi akihema. Zulfa akamkabidhi kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi. Badi akatazama kamba. Ile yenye mabaka ilikuwa bado inaning'inia.

"Ile ni ya mume wangu, huivaa akipakia mkaa," Zulfa alisema. "Yako niliifua jana kwa maji ya bomba. Nguo za bibi harusi ndizo nitakazofulia kijitoni."