Programu Iliyomfuta Kurwa

Asubuhi ile, wapendwa, chumba cha kompyuta kilikuwa na watu watatu: Limi, mwanafunzi, Maganga, mwenzake wa darasa, na Mwalimu Kitundu, msimamizi wao. Ndivyo Limi alivyohesabu. Mama wa usafi naye alikuwepo, anapiga deki pale mlangoni, ila hakuhesabiwa. Je, wewe ungemhesabu?

Limi alikuwa anamaliza stashahada ya miaka miwili ya kutengeneza programu za kompyuta. Saa nne wakaguzi wangekuja kuiona kazi yake ya mwisho. Wakiikataa, anarudia mwaka mzima.

Na kazi yenyewe ilikuwa tamu! Mama anaandikisha mtoto kliniki kwa namba yake ya simu, na siku ya chanjo ikikaribia, simu inalia: mlete mtoto. Kila Limi alipoijaribu, simu ya Maganga ililia, naye akaruka. "Nimekuja, nesi! Sindano ndogo tu, tafadhali!" Walicheka mpaka machozi.

Mama wa usafi akasogea, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu, niandikie na wangu."

"Karibu mama, kaa hapa. Anaitwa nani?"

"Kurwa."

Limi akaandika jina na namba ya simu. Kurwa huyo, kwenye kioo cha kompyuta! Mama akapiga kigelegele. "Haya, na Doto. Ni mapacha hao."

Akamwandika Doto, kwa namba ile ile. Doto akatokea. Kurwa akatoweka.

"Mwanangu, Kurwa wangu yuko wapi?"

Limi akaona kosa lake. Programu yake ilimtambua kila mtoto kwa namba ya mama yake tu. Akija wa pili kwa namba hiyo, wa kwanza anafutika. Alikuwa ameijaribu mara nyingi mno, lakini kila mara mama mmoja, mtoto mmoja, kama yeye alivyo na mmoja nyumbani.

Maganga akanong'ona, "Nyamaza, dada. Wakaguzi hawatakumbuka mapacha."

Limi akamtazama yule mama, bado anamtafuta Kurwa kwenye kioo. "Siwezi." Akamweleza mwalimu kila kitu.

Mwalimu akaangalia saa. "Una dakika ishirini. Hazitoshi, binti yangu."

Maganga akajikuna kichwa. "Mwalimu, mimi zamu yangu ni ya mwisho, saa nane. Tubadilishane." Na yeye kazi yake ilikuwa bado haijakaa sawa! Huyo huyo aliyesema nyamaza.

Saa nane Limi alisimama mbele ya wakaguzi. Kurwa akatokea. Doto akatokea. Wote wawili wamekaa, hakuna aliyemsukuma mwenzake! Limi akawaeleza kosa la asubuhi na jinsi alivyolirekebisha, wakaguzi wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Kosa hili nani alikuonyesha?"

Limi akafungua mdomo kwa furaha amtaje. Akakwama.

Miaka miwili mama yule alimfutia meza. Alimwekea maji ya kunywa. Siku mtoto wa Limi alipopata homa na mtihani ukawa siku hiyohiyo, ni yeye aliyembeba mgongoni kutwa nzima. Jina lake Limi hakuwahi kuuliza.

Wapendwa, mmeona? Programu ilimfuta Kurwa mara moja tu, tukashtuka. Mama yake tumemfuta miaka miwili, na hakuna aliyeshtuka! Anayefagia kanisa hili kabla hatujafika, tunamwita nani? Aliyekushikia mtoto wiki iliyopita ukiwa na kazi? Mungu hamwandiki mtu kwa namba ya mwingine. Kwake kila mmoja ana nafasi yake, na anaitwa kwa jina. Sisi tunaojiita watoto wake, tutamwita jirani "yule mama" mpaka lini? Leo tukitoka hapa, usifike kwako kabla hujamuuliza mtu mmoja jina lake.

Limi alifaulu. Yule mama anaitwa Nyamizi.