Dhana Haikazi Nati

Dhana haikazi nati. Siku hizi methali hii husemwa kwa kicheko. Hata vijana wa kwaya waliicheka, siku walipofika kwenye harusi ya mwenzao wakakuta kinanda kimebaki nyumbani. Wa sauti ya kwanza walidhani wa besi wamekipakia, na wa besi walidhani wa sauti ya kwanza ndio waliokipakia. Bibi Eufrasia, aliyekuwa amesafiri nao, akatikisa kichwa akasema, "Dhana haikazi nati." Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Bibi, nati na kinanda wapi na wapi?"

Bibi Eufrasia hakucheka. Alivuta kiti, akangoja watulie, kisha akawaeleza. Chimbuko la maneno hayo ni hili.

Katika bonde la Kilombero, kijiji cha Mbingwe, waliishi mume na mke waliolima mpunga. Mume aliitwa Odilo, mke Kalista. Mtoto wao wa pekee alikuwa Fides, kwa hiyo watu waliwaita Baba Fides na Mama Fides, na wao wenyewe wakaitana hivyo hivyo. Walikuwa na trekta dogo la magurudumu manne, kimo chake hakikuzidi cha ng'ombe, lenye kiti kimoja na lisilo na paa. Ndilo lililowalimia mashamba yao na ya majirani, na ndilo lililowafikishia mpunga nyumbani.

Trekta la namna hiyo hutetemeka kutwa nzima, na kinachotetemeka hulegea. Leo nati ya gurudumu, kesho boliti ya jembe, keshokutwa pini inayoshika tela. Odilo na Kalista walilijua hilo. Kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, walilizunguka. Aliyetangulia kutoka nje alichukua spana akakaza, mwenzake akafuata nyuma akigusa kila nati kwa vidole na kuvuta kila pini.

"Tayari, Mama Fides?"

"Tayari, Baba Fides."

Ndipo injini ilipounguruma. Majirani waliwatania kwamba wawili hawa hulijulia hali trekta kabla ya kujuliana hali wenyewe. Wao walicheka tu, wakaendelea na utaratibu wao.

Sasa ikafika masika moja. Odilo alikuwa amemaliza kuvuruga tope la majaruba yake, akayafungua yale magurudumu ya chuma ya kuingilia matopeni, akarudisha ya mpira ili aweze kupita barabarani. Gurudumu lililofungwa upya halikai mara moja. Nati zake hutaka kukazwa tena baada ya mwendo mfupi, na kesho yake tena. Odilo alizikaza jioni ile, akasema atazirudia asubuhi, au atazirudia mkewe. Kwao ilikuwa mamoja.

Jioni hiyo hiyo akaja mdogo wake Odilo, jina lake Egno. Kalista alikuwa kisimani. Odilo, kwa kutaka kumkirimu ndugu yake, akamkamata kuku wa kwanza aliyemwona bandani, akamchinja. Kumbe alikuwa kuku wa Kalista aliyekuwa akiatamia. Kalista aliporudi akayakuta mayai yamepoa kwenye kiota na manyoya jikoni. Mbele ya shemeji yake alinyamaza, akapika, akaandaa. Mgeni alipoondoka, akasema yake. Odilo naye, badala ya kuomba radhi, akasema, "Kuku ni kuku tu." Neno hilo likamchoma Kalista kuliko kuku mwenyewe. Wakalala wamepeana migongo.

Kulipokucha hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kalista alitangulia kutoka. Ndoo yake ilikuwa imeachwa kando ya trekta, akainama kuichukua. Odilo, akiwa mlangoni, akamwona ameinama pale penye gurudumu. Akajisemea moyoni, "Mke wangu hata akinuna, kazi haiachi," wala hakupita nyuma kuzigusa nati.

Kalista akaenda kisimani. Akiwa njiani kurudi akasikia chuma kikigonga chuma uani. Odilo alikuwa akifunga jembe. Kalista akajua ni spana, akadhani ni nati za magurudumu. Naye akajisemea, "Sawa, leo amekaza mwenyewe, wala simfuati nyuma."

Injini ikaunguruma. Siku hiyo hakuna aliyeuliza "tayari", kwa sababu anayeuliza ndiye angekuwa ameanza kusema, na kila mmoja alimngoja mwenziwe aanze. Kalista alikuwa akikoroga uji, akamtazama mumewe akitoka uani kupitia upenyo wa mlango wa jiko. Odilo aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Kalista akakitazama chungu.

Uji ulikuwa haujapoa walipokuja watu mbio. Kwenye tuta la mfereji mkuu gurudumu la nyuma lilichomoka. Trekta likainama, likabingirika mferejini, na Odilo chini yake.

Kalista alipofika, wanaume walikuwa wameshaliinua na kumlaza mumewe kwenye majani. Kichwa kilikuwa kizima, lakini kifua hakikuwa kifua tena. Akapiga magoti, akakipakata kichwa.

"Mama Fides," Odilo akasema.

"Nipo. Usiseme. Gari linakuja."

"Gurudumu limetoka." Akatafuta pumzi. "Nilidhani umekaza. Nilikuona pale."

Kalista angeweza kunyamaza. Lakini hakuwahi kumdanganya mtu yule, na hakuona namna ya kuanza wakati ule. "Nilikuwa naokota ndoo," akasema. "Na mimi nilisikia spana. Nilidhani ni wewe."

Odilo akamtazama muda mrefu. Hakukuwa na hasira machoni mwake. "Basi hakukaza mtu," akasema. Kisha akasema, "Kuku wako nitamlipa."

Gari lilipofika hapakuwa tena na mtu wa kuwahishwa hospitali.

Msiba ukajaa watu. Nao watu wakikaa na uchungu bila jibu, hulitafuta jibu kwa jirani. Palikuwa na mzee mmoja aitwaye Kasiani, shamba lake lilipakana na la Odilo. Wiki chache nyuma walikuwa wamegombana juu ya zamu ya maji, na Kasiani, kwa hasira, alisema mbele za watu, "Hilo trekta lako litakufikisha pabaya." Maneno ya hasira, ya mtu yeyote. Lakini Odilo alipokufa, watu wakayakumbuka.

Siku ya tatu ya matanga minong'ono ikawa sauti. Egno akasimama katikati ya wanaume, macho mekundu, panga mkononi.

"Gurudumu halichomoki lenyewe!" akasema. "Kaka yangu alilitunza trekta kama mtoto. Kuna mkono hapa, na mwenye mkono huo tunamjua. Leo ataondoka Mbingwe, au tutamwondoa."

Wanaume kadhaa wakasimama. Katekista akajaribu kuwatuliza, akasema kazi ya Mungu haina makosa, wala hakuna aliyemsikiliza.

Kalista alikuwa ndani na wanawake, amekaa mkekani. Aliyasikia yote. Alijua kwamba akikaa kimya, atabaki mjane wa kuonewa huruma, na nyumba ya Kasiani itachomwa kabla ya jua kuzama. Akainuka. Mama mkwe wake akamshika khanga, "Unakwenda wapi, mwanangu? Mfiwa hatoki." Akajinasua taratibu, akatoka uani.

"Shemeji, weka panga chini," akasema. "Hakuna aliyeligusa trekta lile. Hata sisi hatukuligusa, na kutoligusa huko ndiko kulikomuua."

"Unasema nini?"

"Tulinuniana. Asubuhi ile alidhani nimekaza. Mimi nikadhani amekaza yeye. Aliniambia mwenyewe pale mferejini, na hawa waliombeba walisikia."

Wanaume wawili wakainamisha vichwa. Walisikia kweli, ila hawakutaka kumsemea mfiwa.

"Mlinuniana kwa nini?" Egno akauliza, sauti imeshuka.

Kalista akamtazama. Angeweza kumwambia ni kuku aliyemla yeye. "Mambo ya nyumbani tu," akasema. Kisha machozi yakamshinda, lakini maneno yakatoka. "Mungu msimsingizie, na Mzee Kasiani msimsingizie. Tulidhani. Dhana haikazi nati."

Panga likawekwa chini. Nyumba ya Kasiani haikuchomwa.

Lakini msidhani Kalista alishukuriwa. Kabla ya arobaini, Mbingwe yote ilikuwa ikisema kwamba yule mwanamke alimuua mumewe kwa kununa. Mama mkwe wake, aliyempenda, hakuweza tena kupokea chakula mkononi mwake. Egno akachukua trekta. Kalista akamfunga Fides mgongoni, akarudi kwao ng'ambo ya mto, na hakuolewa tena.

Egno ndiye aliyeyaeneza maneno yale. Kila asubuhi alilizunguka trekta na spana, na mtu akimwambia, "Twende bwana, nadhani jana ulikaza," alijibu, "Dhana haikazi nati," akaendelea kukaza. Hakusema aliyasikia kwa nani. Wakulima wengine wakayachukua, kutoka kwao mafundi, kutoka kwa mafundi kila mtu, mpaka yakavuka mto.

Miaka ikapita. Siku moja Kalista alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Wasichana wawili walikuwa wakichekana, kila mmoja alidhani mwenzake amebeba gunia la kuwekea unga. "Unaona sasa?" mmoja akasema. "Dhana haikazi nati!" Foleni nzima ikacheka. Zamu ya Kalista ilipofika alisaga, akafunga unga wake, akajitwika, akashika njia.

Bibi Eufrasia akaishia hapo. Kisha yule aliyeuliza akainuka. Akasema anarudi mwenyewe kukifuata kinanda, na akamwita mmoja wa besi kwa jina, amuulize kwanza ufunguo wa stoo ya kinanda uko kwa nani.

"Ndivyo," Bibi Eufrasia akasema. "Uliza. Dhana haikazi nati."