Tumbili na Mtarakwa wa Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mnaotafuna miwa, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo za kale, wanyama nao walikuwa na Krismasi yao. Kila nyumba ilikata mti, ikaupamba, ikacheza kuuzunguka. Mlimani kulikuwa na mitarakwa mingi, nao walikata watakako. Ila mitarakwa ya chemchemi haikuguswa. Hiyo ilishika maji. Mzee Ngiri, mkuu wa mtaa, alikuwa amekwisha kusema: "Atakayekata mti wa chemchemi atahama mlima huu."

Tumbili alikuwa na mke na watoto watatu, wa kwanza Mkunde. Mwaka ule alichelewa, akakuta miti mizuri imekwisha. Watoto wakalia. "Baba, wenzetu wana mti! Baba, wenzetu wana mti!"

Tumbili akachukua panga. Akaenda chemchemini. Akatazama huku, akatazama kule. Ka! Ka! Ka! Mtarakwa mmoja mchanga ukalala chini.

Loo, ulipendeza! Waliuvika maua mekundu, wakauvika manyoya ya kanga na magamba ya konokono. Wakauzunguka wakiimba, chaka-chaka, chaka-chaka, mpaka miguu ikauma.

Sikukuu ikapita. Mti ukakauka, ukawa rangi ya kutu. Vijani vikaanguka, vikawachoma watoto nyayoni.

"Baba Mkunde," mkewe akasema, "ondoa takataka hii."

Jana mti, leo takataka! Tumbili akauburuta, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, hadi korongoni. Huko akakuta miti ya wenzake, imerundikwa. Akautupa wake juu. Akakung'uta mikono.

Alipogeuka, akamkuta Chozi ametua jiweni. Mnamjua Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, mnywaji wa asali ya maua. Alikuwa ametoka bondeni, amechoka, tumbo zito kwa mayai.

"Hodi jirani."

"Karibu, Chozi. Za huko?"

"Nzuri. Jirani, kila mwaka najenga kwenye mtarakwa wa chemchemini. Leo nimekuta kisiki. Hujauona mti wangu?"

Moyo wa Tumbili ukapiga, pu! Angesema kweli, Ngiri angesikia, na yeye Tumbili angehamishwa pamoja na wanawe.

"Upepo, jirani. Upepo uliuangusha, mvua ikauleta hapa. Si ule pale juu?"

Chozi akaruka, akaugusa mti kwa mdomo. "Ndio wenyewe. Nilifunga utando wa buibui kwenye tawi hili. Kama ni upepo, basi hauna mwenyewe. Nijenge hapa hapa? Mayai hayangoji."

"Jenga tu, jirani. Nani atakusumbua?"

Tumbili akaenda zake. Njiani alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Chozi akajenga. Akaning'iniza kiota kama kifuko, akataga mayai mawili. Zikapita siku tisa.

Siku ya kumi, Chozi akiwa ameenda kutafuta asali, Mzee Ngiri akaita watu wote korongoni, jua likiwa utosini. "Rundo hili linatuzibia njia, tena linaficha nyoka. Leo tunalichoma. Kuna mwenye neno?"

Tumbili alikuwa amesimama mbele. Neno alikuwa nalo. Akitaja kiota, wataulizana: Chozi wa chemchemini amefuata nini huku? Na ule mti juu umetoka wapi?

"Kuna mwenye neno?" Ngiri akauliza tena.

Tumbili akarudi nyuma hatua moja.

Wakatia kijinga cha moto. Mtarakwa mkavu, ndugu zangu, haungoji kupulizwa! Wuu! Tatatata! Moto ukapanda.

"Ngojeni!" Tumbili akapiga yowe. "Kuna mayai! Kuna mayai ya Chozi!"

Akajitosa motoni, akanyoosha mkono, akakishika kiota. Kikamvunjikia kiganjani, majivu matupu. Wakamvuta kwa mkia wakamtoa.

Chozi akarudi, mdomo umejaa asali. Akauzunguka moshi mara tatu. Kisha akatua mbele ya Tumbili.

"Jirani, mayai yangu yako wapi?"

Tumbili akafungua kiganja kilichoungua. "Chozi, haukuwa upepo. Niliukata mimi. Na leo nimeulizwa mara mbili, nikanyamaza."

Chozi akamtazama sana. "Ungeniambia siku ile, ningejenga kwingine. Siku moja tu ingetosha."

Akaruka. Hakurudi tena mlima ule. Hata maua ya mwaka uliofuata yalipochanua, hakurudi.

Mzee Ngiri akautazama mkono wa Tumbili, akawatazama watu wake. "Nikimhamisha huyu, nitabaki na nani? Sote tulitupa hapa. Hakuna hata mmoja aliyechungulia kabla ya kuwasha." Tangu hapo wakakatazana kukata. Wakapamba mti uliosimama, mmoja kwa wote, na matawi yaliyoanguka wakayatandaza chemchemini kuzuia udongo usichukuliwe na maji.

Tumbili ndiye aliyeyabeba, kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikunjamana. Lakini kila alipookota tawi kavu alilikung'uta polepole, akalipekua jani kwa jani. Watoto wake wakacheka.

"Baba, unatafuta nini humo?"

"Naangalia kama kuna mwenyewe," akasema.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mliojifanya mmesinzia: unachokitupa wewe huenda ni nyumba ya mwenzio, kwa hiyo chungulia kwanza. Na ukikosea, sema mapema. Ukweli uliochelewa hauzimi moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, hapo ndipo naitua.