Mstari wa Tatu wa Bi Verdell

Palikuwa na tajiri kule kusini mwa Marekani, mwenye studio ya kurekodi muziki, aliyekwenda mahakamani kudai kwamba nyimbo zote za bibi mmoja mzee ni mali yake. Jamani, sikilizeni vizuri. Hakudai santuri. Alidai nyimbo zenyewe, maneno yake, vilio vyake, mpaka ile miguno ya katikati! Tajiri huyo aliitwa Clement Stroud, na hata wimbo wa taifa ulimshinda kuimba bila kupotea njia.

Bibi mwenyewe ni Bi Verdell Tolliver. Mkavu wa mwili, mkali wa ulimi. Alianza kuimba bluzi, ule muziki wa huzuni wa Waamerika Weusi, akiwa binti mdogo shambani, akichuma pamba na mama yake. Akaimba kwenye vituo vya treni, akaimba kwenye vilabu ambavyo mchungaji wake alivilaani kila Jumapili, na Jumamosi mchungaji huyohuyo alionekana nyuma kabisa, amevuta kofia usoni. Aliolewa mara tatu. Waume wote watatu walipata wimbo siku ya kuachana.

Ujanani alirekodi kwenye studio ya Stroud. Juu ya kila santuri, pale panapoandikwa jina la mtunzi, Stroud aliandika lake. Bi Verdell aliliona, akadhani ni jina la mwenye duka, kama fundi viatu anavyogonga muhuri wake chini ya soli. Hakuuliza. Nani angewaza kwamba mtu mzima na akili zake anaweza kuiba kilio cha mwenzake?

Sasa uzeeni, nyota ya bibi ikawaka upya. Vijana wa Ulaya, walioshiba vizuri kabisa, wakapenda kusikia nyimbo za njaa. Wakamwalika akaimbe kwao. Stroud roho ikamuuma. Akaenda kwa Jaji Crane, ambaye walikuwa wakila naye meza moja, akaomba bibi apigwe marufuku: asifungue kinywa popote kuimba zile nyimbo mpaka yeye Stroud aruhusu. Kwa Bi Verdell hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa aombe ruhusa ya kupumua.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mke wa jaji mwenyewe alikaa kiti cha mbele na kofia yake ya manyoya, maana mji ule haukuwa na burudani nyingi.

"Bwana Stroud," jaji akasema, "unaapa kwamba nyimbo hizi umezitunga wewe?"

"Naapa, Mheshimiwa. Kila neno. Kwa huyu bibi mimi niliazima sauti tu."

Bi Verdell akasimama na mkongojo wake. Wakili hakuwa naye.

"Bwana Stroud, hata ule wimbo wa kuchuma pamba mpaka vidole vinatoka damu?"

"Hata huo."

"Ulichuma shamba gani?"

"Mtunzi hachumi, bibi. Mtunzi anawaza."

"Na ule wa mume aliyetoroka na mwimbaji wa kwaya?"

"Nao niliuwaza."

"Pole sana, bwana. Huyo mumeo alirudi?"

Watu wakaangua kicheko. Jaji akagonga nyundo. Stroud akawa mwekundu shingo nzima.

"Swali la mwisho," bibi akasema. "Mimi nina tabia ya kuongeza mistari palepale jukwaani. Hiyo nayo ya nani?"

Hapo, jamani, mtu mwenye kiasi angesema, hiyo chukua. Lakini tamaa ya Stroud haikuwa na breki.

"Yangu! Ndani ya nyimbo zangu hakuna mstari unaoutoa wewe nisioutunga mimi. Mheshimiwa, iandikwe hivyo."

Ikaandikwa. Kisha jaji akataka bibi aimbe kidogo, apate kujua wanagombania kitu gani.

Sasa bluzi ina desturi yake. Mstari wa kwanza unaimbwa. Wa pili ni uleule, unarudiwa, watu wakae mkao wa kusikiliza. Wa tatu ndio unaofichua jambo. Bi Verdell akagonga mguu sakafuni, akafumba macho, akaimba:

"Jaji wetu kila Alhamisi, hupitia mlango wa nyuma..."

Akarudia, taratibu, kwa raha zake:

"Nasema jaji wetu kila Alhamisi, jamani, hupitia mlango wa nyuma..."

Akaishia hapo.

Ile kofia ya manyoya ikageuka polepole kumtazama jaji.

"Endelea!" akasema mke wa jaji.

"Usiendelee!" akasema jaji.

"Hata nikitaka, Mheshimiwa, siwezi," bibi akasema. "Uzee huu, mstari wa tatu umenitoka. Lakini tuna bahati, mwenyewe aliyeutunga yupo. Na ameapa. Bwana Stroud, tumalizie."

Macho yote kwa Stroud. Masikini Stroud! Kama kuna mtu mji mzima aliyejua jaji anakwenda wapi Alhamisi, ni yeye, kwa sababu walikuwa wakienda pamoja.

"Stroud," jaji akasema kwa sauti ndogo, mikono imeng'ang'ania meza, "huo mstari unao au huna?"

"Sina, Mheshimiwa! Siujui! Sijawahi kuusikia wimbo huo tangu nizaliwe! Ni huyu bibi, ameutunga sasa hivi, hapahapa, kichwani mwake!"

Bi Verdell akaweka sawa mtandio wake begani.

"Alaa! Na zile nyingine zote, bwana, nilikuwa nazitungia kichwani mwa nani?"