Fumbo la Nyumba Thelathini na Sita

Soma taratibu, halafu mpelekee mmoja anayejifanya hakosei.

Palikuwa na mfalme aliyengoja kofia yake ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono, miezi miwili mizima. Ilipomfikia alikuwa ameshafura. "Mafundi wavivu! Baraza lao la kushonea nawapa wasomi."

Bi Mwanamize, mkuu wa mafundi, akaenda kumbembeleza. Wanawake kumi na wawili walikula kwa baraza lile.

"Basi shindaneni na wasomi," mfalme akacheka. "Atakayefumbua fumbo langu, baraza lake."

Fumbo lilikuwa mraba uliochorwa nyumba thelathini na sita, sita kwa sita. Kila nyumba ipate tarakimu, moja hadi sita, isijirudie kwa kulala wala kwa kusimama. Kisha njia moja ipite nyumba zote, jirani hadi jirani, witiri, shufwa, witiri, shufwa, mpaka irudi ilikoanzia bila kujikata.

Wasomi wakachovya kalamu, wakajaza tarakimu chapuchapu. Njia wakaiweka kiporo.

Bi Mwanamize akatandika kitambaa. Tarakimu kwa mkaa, njia kwa uzi, vyote pamoja: tarakimu moja, hatua moja ya sindano. Mama yule msimwone vile! Alihesabu matundu mia nne ya kofia huku akimsengenya jirani, na akikosea alijua kabla sindano haijatokea upande wa pili.

Nyumba ya thelathini ikamgomea. Kwa kulala ilitaka nne, na nne ilikwishakaa kwa kusimama.

"Uzi umekwama, mama?" Mwinyi Shomvi, mkubwa wa wasomi, akamtania.

"Umekwama, baba."

Akafumua. Akafuta mkaa kwa kidole gumba, akarudi nyuma mpaka nyumba ya kumi na tisa. Ukumbi ukaangua kicheko. Wala hakuinua macho. Ilipoadhiniwa adhuhuri, uzi ulikuwa umerudi kwenye fundo lake la kwanza.

Ubao wa wasomi ulijaa wino, njia imekatikia kati: shufwa mbili zimekaa jirani.

"Hamkuliona hili?" mfalme akauliza.

Mwinyi Shomvi akainama. "Niliona tangu asubuhi, Bwana wangu. Lakini watu walikuwa wanatazama."

Mfalme akavua kofia yake, akaigeuzageuza. Hakuona mshono uliokaa upande.

"Na hii mliifumua mara ngapi?"

"Mara tatu," Bi Mwanamize akajibu, kidevu juu. "Ya nne ndiyo uliyoivaa."

Mfalme akairudisha kichwani kwa mikono miwili. "Rudini barazani kwenu."

Funzo: Fundi si asiyekosea, fundi ni asiyeona haya kufumua mbele za watu.