Wifi Watatu na Gurudumu la Mbele

Nipeni masikio yenu, kisha mnipe hukumu.

Kule milimani Upareni, Namsifu aliishi na dada watatu wa mumewe. Eseri alikuwa na mikono iliyopasua magogo yaliyowashinda wanaume. Nanzia alikuwa fundi redio, mwenye macho ya kuona unywele uliolala vumbini. Kiende aliendesha bodaboda, na viganja vyake viliijua njia kabla macho hayajaiona.

Asubuhi moja uchungu ulimshika Namsifu, wiki tatu kabla ya siku zake za kujifungua. Mumewe alikuwa safarini. Zahanati ilikuwa bondeni, na pikipiki ya Kiende ilisimama uani, tairi la mbele limechanika. Mwaka uliopita jirani yao alishuka na gurudumu linalotetemeka, akaishia korongoni. Namsifu alilikumbuka jeneza lile.

"Atakayenifikisha hai," alisema, ameshikilia mlango, "mtoto atachukua jina lake."

Eseri alipiga magoti, akalifungua gurudumu, akaling'oa tairi bovu kwa vyuma viwili bapa, akalivisha jipya la akiba kwenye rimu na kulijaza upepo kwa pampu ya mkono. Matone ya jasho yalidondokea mpira. Tairi likakaa.

"Lifunge, twende," alisema Kiende.

"Bado," alisema Nanzia. Alilitundika gurudumu kwa ekseli yake juu ya vigoda viwili, akalizungusha polepole. Kila mara upande uleule, mzito kuliko mwingine, ulishuka chini.

"Wifi, mimi ninakufa, wewe unacheza na gurudumu?"

"Nacheza ili usife."

Alizungushia waya wake wa risasi, ule wa kulehemia redio, kwenye spoki za upande wa pili, akaongeza, akapunguza, mpaka gurudumu likatulia popote alipoliacha.

Gurudumu liliporudishwa mahali pake, Kiende alimfunga Namsifu mgongoni mwake kwa kanga, kama mtoto aliyepita umri wa kubebwa. Waliteremka kwa kasi kando ya korongo. Namsifu alifumba macho, akingoja usukani uanze kutetemeka. Haukutetemeka.

Chini walivuka kijito. Ng'ambo, njia iliponyooka, usukani ukaanza: kidogo kwanza, kisha meno ya Namsifu yakagongana.

"Tunaanguka," alinong'ona.

Kiende hakubana breki. Alipunguza mafuta taratibu, akauacha usukani upumue mikononi mwake mpaka wakasimama. Aliinama kutazama. Rimu ilikuwa safi. Nanzia alikuwa amelisawazisha gurudumu pamoja na tope lililogandamana upande mmoja. Maji yalipoliosha tope, risasi ikabaki kuwa uzito wa ziada. Kiende aliifungua, akaitupa, wakaendelea.

Adhuhuri, kule zahanati, alizaliwa msichana, mzima na mwenye kelele. Jioni wifi wote watatu walikuwa wamekizunguka kitanda.

"Bila mimi mngekuwa bado uani," alisema Eseri.

"Bila mimi mngekuwa korongoni," alisema Nanzia.

"Na risasi yako ilitaka kutumaliza, fundi," alisema Kiende. "Bila mikono yangu tungeanguka."

"Tope ni lako, Kiende. Pikipiki hujaiosha tangu Pasaka."

Walicheka, lakini hakuna aliyeacha dai lake. Namsifu hakucheka. Kila alipomtazama mmoja wao aliona mahali ambapo angekufa bila huyo.

Muuguzi alishika kadi na kalamu. "Haya mama, mtoto anaitwa nani?"

Namsifu alimvuta mtoto kifuani, akawageukia wifi zake.

Je, ninyi mngeamua vipi: achukue jina la nani kati ya hao watatu?